Tuingie vikundi vya parokia, na si kwa kubeba viti tu

Ukimwambia kijana wa hapa ajiunge na Lejio ya Maria, au na kikundi cha Mtakatifu Vinsenti, au akubali kuwa katibu wa jumuiya, jibu linakuja haraka: "Wanalipa ngapi?" Wakubwa wengi kanisani wanakasirika wakisikia hilo. Sisi hatukasiriki, swali ni la haki. Mwaka 2023 familia za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa makundi kulingana na udhaifu, wengine wakapunguziwa mgao, wengine wakatolewa kabisa. Mwaka 2025 wakatolewa wengi zaidi. Kijana ambaye mama yake amefutwa kwenye orodha ana haki ya kuuliza saa zake mbili za Jumamosi zinaleta nini nyumbani. Anayemjibu kwamba atalipwa mbinguni, na yeye mwenyewe amekunywa chai na mkate asubuhi, huyo hatumtetei.

Tunachobishana nacho ni kitu kingine. Ni lile wazo kwamba kazi yoyote isiyo na insentivu ni kazi ya wajinga, na kwamba mtu wa maana ni yule mwenye fulana ya mradi. Wazo hilo limetuharibu. Limetukalisha kambini (tunasema kambi, hata kama serikali inasema makazi) tukingoja kuitwa, kuhesabiwa, kufunzwa siku tatu, kupewa soda na kurudi nyumbani.

Angalieni neno lenyewe. Kwetu Kivu, wazazi wetu wakisema "shirika" walimaanisha nyumba chache za jirani zinazokutana kusali, kusoma Injili na kuulizana nani mgonjwa, nani hana chumvi, nani amegombana na mke wake. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo ya jumuiya ndogo tangu 1961, na wale wa Afrika Mashariki wakaifanya kipaumbele chao mwaka 1976, ndiyo maana hata hapa Uganda tulikuta jumuiya zinafanya kazi ileile. Leo, hapa kambini, sema "shirika" na mtoto wa miaka sita atageuka kutafuta gari jeupe lenye antena. Neno ni lilelile. Zamani shirika lilikuwa sisi, leo shirika ni wao.

Tuanze na Lejio, kwa sababu ndiyo inayochekwa zaidi na vijana, eti ni ya wamama wazee. Ilianzishwa Dublin mwaka 1921, na ina sheria moja ambayo mahali kama hapa inashangaza: mwanalejio akienda kumtembelea mtu haruhusiwi kugawa vitu. Wanaenda wawili wawili, mikono mitupu, na kwenye kikao kinachofuata wanasimama kueleza walienda wapi na walikuta nini. Sasa fikirieni. Kila mgeni anayeingia kwetu na daftari au tableti anaamsha tumaini, huenda jina litaandikwa. Anauliza: mmelala na njaa siku ngapi, watoto wangapi, choo kiko wapi. Halafu anaondoka, na majibu yetu yanaenda mahali tusipopajua. Vijana wa Lejio hawaamshi tumaini la namna hiyo. Bibi anayeishi peke yake anajua kabisa hawana kitu, na Alhamisi wamerudi. Mwezi wa pili atawaambia ambayo hakuiambia tableti, kwamba dawa za presha zimeisha na anaona aibu kupanga foleni kwa sababu hawezi kuzuia mkojo. Hapo ndipo kazi inaanza: mmoja anaenda kuongea na mtu wa VHT, mwingine anatafuta mwenye baiskeli. Hiyo ni kazi ya kijamii kamili, na kuna watu wanasomea chuo miaka mitatu ili waifanye.

Vinsenti wao ni tofauti, wanachanga na wanagawa. Sehemu nyingi kimekuwa kikundi cha wazee wenye makoti. Lakini kilianzishwa Paris mwaka 1833 na wanafunzi, na Frédéric Ozanam alikuwa na miaka 20. Ishirini! Ni umri wa hawa wanaoshinda kwenye kibanda cha kuchaji simu. Na wale waliokulia Bukavu na Goma wanaikumbuka Xaveri, ambayo ilizaliwa Bukavu kwetu, kwa ajili ya vijana. Hatuhitaji mtu wa kuja kutufundisha kwamba kijana anaweza kuongoza kijana.

Kikundi tunachokisisitiza zaidi, lakini, ni jumuiya ndogo yenyewe, na sababu yetu si ya utakatifu. Korali unachagua. Na tunajua tunavyochagua: korali ya watu wa Masisi, korali ya watu wa Fizi, korali ya Warundi, kila moja na sare yake na manung'uniko yake. Jumuiya huchagui. Zoni yako ndiyo imekuchagulia. Unakaa benchi moja na mtu ambaye watu wake, kwa hesabu za nyumbani, ndio waliochoma kijiji chako, na yeye anakuhesabu vilevile. Wiki hii mnasalia kwake, wiki ijayo kwako, na itabidi aingie ndani, aone godoro lako. Hakuna warsha ya amani tuliyohudhuria iliyotuweka hapo mwaka mzima. Warsha ina siku tatu na ratiba. Jumuiya ina Jumatano zote, na siku mtu akifa ni hiyohiyo inayoshika majembe kabla hata simu haijapokelewa popote. Tumeona watu wasiosalimiana wakipokezana jembe kaburini. Hawakukumbatiana, tusidanganyane. Lakini baada ya pale walianza kusalimiana, na watoto wao wanachota maji bomba moja bila kupigana.

Wenzetu ambao si Wakatoliki, hatuwavuti. Kwenu kuna vikundi vyenu, msikitini au CEPAC au popote. Ulizeni huko maswali haya haya.

Sasa tugeukie kanisa, maana hatukuandika haya ili kuwasifu wakubwa. Iko hivi: vijana wakimbizi tunaitwa kufagia, kubeba viti, kuchota maji ya sikukuu, kucheza wakati wa matoleo askofu akija. Dada zetu wanaitwa jikoni. Ikifika siku ya kuchagua halmashauri ya parokia, tunatazamwa kama wageni walioingia harusi bila kadi. Kiswahili kinaimbwa kwenye matoleo lakini hakiandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, vijana walichanga wao wenyewe kwa ajili ya wagonjwa, halafu wakaambiwa pesa zishikwe na mtu mwenyeji, kwa sababu mkimbizi leo yuko na kesho amepanda ndege.

Ndege gani, wapendwa? Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na tunawajua watu waliokuwa wameshauza mpaka sufuria. Kambi ya Rwamwanja ilifunguliwa tena mwaka 2012 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo ana umri wa Kipaimara. Mtu wa namna hiyo anapita tu?

Na kama tatizo ni uaminifu, basi lisemwe wazi, tusifichane nyuma ya ndege. Kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Walimletea rushwa apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, na mwaka 2007 wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Hakuwa padri wala bruda, alikuwa mwanachama wa kawaida wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani wa Goma bila mshahara. Tarehe 15 Juni 2025 kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Sisi tunaopanga foleni ya maharage tunajua maana ya chakula kibovu, na tunajua ni watu wangapi wangesaini tu. Picha yake imeanza kuonekana kanisani. Vizuri sana. Ila msitundike picha ya kijana wa Goma ukutani huku mnamnyima kijana wa Goma aliye hai ufunguo wa sanduku la michango.

Tena Waganda wenyewe wana historia inayotutetea. Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda, wakarudi 1885. Katika miaka hiyo, nani aliendesha kanisa? Vijana wa ikulu na watu wa kawaida, wengine wamebatizwa juzi, wakifundishana sala. Mmoja wa viongozi wa Wakristo wa Mityana, Mathias Mulumba, alitekwa Busoga akiwa mtoto na kuletwa Buganda kwa nguvu. Mgeni aliyeng'olewa kwao, akapewa kuongoza, na leo ni mmoja wa mashahidi 22 tunaowasherehekea kila tarehe 3 Juni. Watu wanatembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo kumheshimu. Na someni Matendo ya Mitume sura ya 6: wajane wa watu wa lugha nyingine walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku. (Mgao! Tulicheka tulipoisoma pamoja.) Mitume hawakuunda sanduku la maoni. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia, na majina yao yote saba ni ya Kigiriki, yaani ya upande uliokuwa unalalamika.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika tuna maneno mawili, na tunawasemesha kwa heshima, maana wengi wenu mnatusoma na wengine mnasali nasi. La kwanza, acheni kutumia vikundi vya parokia kama kipaza sauti. Mnapita kwa padri, mnaomba "vijana hamsini wa kuhamasisha", tunavaa fulana tarehe 20 Juni, tunapigwa picha, basi. Mkitaka kujua jumuiya inajua nini, njooni Jumatano, kaeni kwenye mkeka, msifungue fomu. La pili ni gumu zaidi. Mnachukua makatibu wetu. Kijana tuliyemlea miaka miwili mpaka akajua kuandika ripoti na kusimama mbele ya watu, mnampa insentivu ya miezi sita, na hatuwezi kumlaumu kwenda, ana wadogo zake wa kulisha. Mradi ukiisha amebaki katikati. Aibu inamzuia kurudi kufanya bure kile alicholipwa jana. Hatusemi msimwajiri. Pangeni saa zake ili Jumatano ibaki ya jumuiya, na mnapotafuta watu tambueni kazi ya parokia kama uzoefu wa kazi, kwa sababu ni uzoefu. Na parokia nazo zitoe barua yenye muhuri kwa kijana aliyehudumu. Karatasi moja tu. Haitalifilisi kanisa.

Kwa hiyo nyinyi vijana tunawaambia muingie, lakini mwingie na masharti. Ingieni kwa kutaka kazi zenye daftari: ukatibu, hazina, ratiba ya wagonjwa. Ufagio tutaushika, hakuna ubaya, ila kila kijana na mkubwa apate zamu yake. Ombeni kumbukumbu zisomwe pia kwa Kiswahili kabla hazijapitishwa, na mweka hazina asome hesabu mbele ya watu kila mwezi, awe mwenyeji au mkimbizi. Wasichana wasimame kugombea, na siku ya sikukuu kaka nao waingie jikoni. Watoto wa Utoto Mtakatifu wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake, hata awe nani, hata awe mmoja wetu. Na mwenye njaa asilazimishwe: kikundi kinachojua mwanachama wake hajala kikaendelea na ajenda kimeshapoteza kazi yake.

Tunajua tutaambiwa tunaleta siasa kanisani. Baba katekista mmoja ameshatuambia. Tulimuuliza ni nani aliyeamua kwamba wa kubeba viti wasiwe na kura, akasema ndivyo ilivyokuwa. Tunaendelea kuongea naye, ni mtu mwema na anatusikiliza.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya unakaribia. Zoni ambazo bado hazina kijana anayegombea zijulishane wiki hii. Tunakutana Jumapili baada ya Misa ya pili, nyuma ya kanisa upande wa tangi la maji, kuandika majina. Mama zetu wanakaribishwa, na wenyeji pia.