Tahadhari kwa Aliyeacha Sigara na Sasa Anadaiwa

Kama uliacha sigara juzi na wiki hii unadaiwa kodi ya nyumba, karo au mkopo wa simu, tahadhari hii ni yako. Usiogope pakiti, pesa yake huna. Ogopa ile sigara moja ya kioski, ambayo mfuko mtupu bado unaimudu na ambayo mwenye kioski anayekufahamu atakupa hata kwa deni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 ilikataza kuuza sigara mojamoja. Bado zinauzwa, hatua chache kutoka mlangoni pako.

Wengi hudhani ukata humsaidia mtu kuacha. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wavutaji wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia ulionyesha kwamba wenye dhiki ya fedha walitamani zaidi kuacha, lakini walifanikiwa kwa nadra kuliko wenzao.

Chanzo kimojawapo kimo mwilini. Nikotini ikikatika, mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, kazi haimkai akilini. Anayedaiwa naye hukesha na kufoka vivyo hivyo. Yakikutana hayo mawili katika wiki ya kwanza, wakati kiu ya nikotini ni kali mno, hajui lipi ni lipi. Anavuta, anatulia, anaamini sigara imemwondolea mawazo ya deni. Kumbe kilichotulia ni kiu tu. Muda si mrefu itarudi, na mwenye nyumba atakuwa bado anapiga simu.

Kwa hiyo nenda leo kwa mwenye kioski, umwombe asikukopeshe sigara hata ukimsihi. Nasisitiza leo, kwa sababu tarehe ya kodi ikifika hutakuwa na nguvu ya kusema hivyo. Aliyevuta tano kwa siku alinunua 150 kwa mwezi; zidisha kwa bei ya hapo kwenu, kisha kila jioni tuma pesa ya sigara za siku hiyo moja kwa moja kwa anayekudai, isikae mfukoni. Usikimbilie ugoro wala vifuko vya nikotini kwa kuwa ni rahisi, vitakufunga upya. Bandiko na chingamu za nikotini ni dawa, na Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Bei yake humwelemea mwenye dhiki, basi ulizia kwanza kituo cha afya.

Nanyi ndugu na marafiki, nawasihi: mkimwona ameinama kwa mawazo, msimpe sigara moja ya kumtuliza. Mtu huanza upya kwa hiyo moja. Kaeni naye mpige hesabu ya deni pamoja, kwani hamu ikipanda hupita baada ya dakika chache. Akizidiwa, apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, kabla hajavuka barabara kwenda kioski.