Mbio za Moshi na Haki ya Mwenzi wa Safari

Barua imetufikia kutoka kwa kijana wa Tanga, na kwa kuwa yaliyomo ndani yake yawahusu vijana wengi, na wazazi wao pia, tumeona yafaa tuijibu katika ukurasa huu wala si kwa siri.

Asema kwamba mwezi wa Februari mwaka 2025 yeye na wenzake wanne walisafiri kwenda Moshi kushiriki mbio za Kilimanjaro, zile zilizoanza mwaka 2003. Walijiandikisha katika nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21 na karibu mita 100. Wenzake walikuwa wakifanya mazoezi tangu Novemba. Yeye alikimbia mara 5 tu katika majuma ya mwisho, na siku aliyokwenda mbali kabisa hakuzidi kilomita 8. Akaona haya kuwaambia. Walipofika katika mwinuko wa kuelekea Mweka, misuli ya paja ilimkaza, akaketi kando ya njia. Mmoja katika wanne akabaki naye, watatu wakashika njia yao. Tena mmoja wa hao watatu alisimama kwanza, si kwa kumwinua, bali kwa kumpiga picha, na jioni picha ile ikatembezwa katika simu za watu pamoja na maneno ya kumcheka. Tangu siku hiyo hasemi na watatu wale. Hata yule aliyebaki naye amekuwa akinung'unika kwamba muda wake uliharibika. Sasa wamemwita waende tena mwaka 2027, naye auliza: je, waliomwacha njiani walimdhulumu?

Kwanza tuwaondolee shaka wazee wanaodhani kwamba kukimbia ni mchezo usiomfaa Mwislamu. Imepokewa kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) safarini, Bibi Aisha akamshinda; na baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa upole kuwa hii ni kwa ile. Basi mbio hazina ubaya, wala kushindwa si aibu.

Lakini yako mapokezi mengine ambayo vijana wetu hawayasikii mara nyingi, nayo ndiyo yanayoingia hasa katika jambo hili. Asimulia Ibn Umar (R.A.), naye alikuwa miongoni mwa walioshindana, kwamba Mtume alishindanisha farasi Madina kwa makundi mawili. Farasi waliotayarishwa walianza Hafyaa wakaishia Thaniyyatul-Wadaa, na mwendo huo umekadiriwa kuwa maili 5 au 6. Farasi wasiotayarishwa walianza hapo Thaniyya wakaishia msikiti wa Banu Zuraiq, nao ni mwendo wa kama maili moja. Matayarisho yenyewe yalikuwa hivi: farasi hulishwa mpaka ashibe na kunenepa, kisha chakula chake hupunguzwa kidogo kidogo, hufunikwa nguo ndani ya banda atoke jasho, hata nyama yake ikakaza na pumzi zake zikawa nyingi. Ni kazi ya siku nyingi. Na yule asiyepitia kazi hiyo hakufukuzwa uwanjani wala hakuchekwa. Alipewa mwendo wake, maili moja badala ya sita. Ikiwa mnyama amefanyiwa uadilifu huo, mwanadamu je?

Na mwili wa mwanadamu ndivyo ulivyo. Pumzi huzoea upesi, lakini misuli, mishipa ya magoti na mifupa ya miguu hukawia. Kwa hiyo kijana huona katika juma la tatu kwamba ana nguvu, akajidanganya. Asiyezoea ahitaji miezi mitatu hivi, akiongeza mwendo kwa kiasi, hata aweze kilomita 15 au 16 bila ya taabu kubwa kabla ya siku yenyewe. Zaidi ya hayo, yeye atoka Tanga, nchi iliyo sawa na bahari, na njia ya Moshi hupanda mlima, kisha huteremka. Na mteremko huumiza mapaja kuliko watu wanavyodhani. Maji ayanywe kwa kiu yake, kwani hata kuyapindukia kuna hatari. Akisikia maumivu kifuani au kizunguzungu, asimame papo hapo awaite wauguzi. Wako wanaosema nia yatosha, na hutoa mfano wa John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968 na bado akafika mwisho. Twamheshimu sana mzee huyo, lakini wasisahau kwamba alikuwa mkimbiaji aliyeteuliwa na taifa lake, si mtu aliyevaa viatu juma lililopita.

Ama hukumu ya wale watatu, sisi twaona hivi. Kuendelea na mbio hakukuwa dhuluma, maadamu walijua kwamba mwenzao ana mtu naye na msaada u karibu. Hata hivyo walikosa adabu ya safari. Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge na kuwapakia nyuma yake. Tena amewaamuru wasafiri watatu wamfanye mmoja wao kiongozi, na hawa walikuwa watano wasiokuwa na kiongozi. Lau wangekuwa naye, angewauliza kila mmoja hali yake kabla ya kulipa ada. Kijana wetu naye aliwaficha udhaifu wake, basi asiwadai walichokuwa hawakijua.

Picha ni jambo jingine kabisa. Kumdhihaki Mwislamu kumekatazwa katika Suratul-Hujurat waziwazi, wala simu haikuhalalisha lililoharamishwa. Aliyeipiga na walioitembeza ni juu yao kuifuta, kuwaambia waliowapelekea waifute, na kumwendea mwenzao kwa miguu yao kumtaka radhi.

Kuhusu mwaliko wa 2027, mbio hizo kwa desturi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na Ramadhani ya mwaka huo yatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Msafiri ana ruhusa ya kufungua, lakini kuipanga safari ya mchezo katikati ya mwezi mtukufu hatumshauri mtu. Mwaka una miezi mingine na miji mingine ina mbio. Atakapokwenda, asali Alfajiri kabla ya kutoka, na kwa kuwa mbio hizo za Moshi zimedhaminiwa miaka mingi na kampuni ya pombe, akimaliza arudi kwa wenzake asikae penye vinywaji hivyo. Na kama hakupata miezi mitatu ya mazoezi, zipo mbio za kilomita 5 siku iyo hiyo. Huo ndio mwendo wake wa msikiti wa Banu Zuraiq.

Ila kabla ya watatu wale hawajamjia, yeye mwenyewe amwendee yule mmoja aliyeketi naye kando ya njia. Manung'uniko yake ni haki yake, kwani hajasikia ahsante mpaka leo.