Karata Haimtaji Jirani

Vijana wenzangu wa kalamu, nimerudi kwenye karata. Nasema mapema ili anayetaka kufunga ukurasa aufunge sasa hivi. Sizungumzii arubastini ya kijiweni wala kamari ya vichochoroni. Nazungumzia kutandika karata mezani, kuzipindua moja moja na kuzisoma: huyu anayeuliza ni nani, anatoka wapi, kitu gani kimemkaa rohoni.

Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Kyimo, kutoka kwa dada mmoja wa ukoo aliyekuja likizo akitokea Tanga. Nikaacha nilipoingia kidato cha kwanza, maana bwenini karata ilikuwa marufuku, ya mchezo au ya kusoma. Nimerudi nikiwa na miaka thelathini na minne, nina mtoto, nina migomba yangu, na nina seti ya tarot yenye karata 78. Tangu nirudi nimepata wapinzani wa aina mbili. Wao kwa wao hawapikiki chungu kimoja, ila kwangu wamekubaliana.

Wa kwanza ananiambia: huo ni uchawi, tupa motoni. Wa pili ananiambia: bwana wewe una kipaji, fungua ofisi, bandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, hela iko nje nje. Mimi nawajibu wote wawili kwa pamoja. Kosa lenu ni moja. Nyote mnaamini karata inajua kitu. Karata haijui kitu! Ni karatasi yenye picha.

Hebu tuanze na huyu wa uchawi. Ndugu yangu, chukua karata za kawaida za dukani, zile unazochezea Jumapili baada ya ibada. Kopa, uru, shupaza, pau. Umewahi kujiuliza majina haya yametoka wapi? Ni Kireno. Wareno walifika Pwani yetu 1498, wakaja kutolewa Mombasa 1698, na katika miaka hiyo 200 wakatuachia meza, leso, gereza na karata. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni marungu. Sisi kwenye kopa tunaona moyo, lakini jina lenyewe linasema kikombe.

Sasa fungua tarot. Utakuta vikombe, sarafu, panga na marungu. Ni wale wale! Mswahili amekuwa akiyataja makundi manne ya tarot kila anaposema "nipe shupaza", na hakuna aliyetokwa na mapembe. Hata Ulaya hawakubuni wenyewe. Karata zilifika kwao karne ya 14 kutoka kwa Waislamu. Jumba la Topkapi kule Istanbul limehifadhi karata za Misri ya enzi za Mamluki, nazo zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Kwa hiyo karata ilipita Afrika kabla haijapita kwa Mreno.

Na tarot? Ilitengenezwa Italia ya kaskazini karne ya 15, kwa ajili ya mchezo. Kwa zaidi ya miaka 300 ilikuwa mchezo wa mezani kama mwingine. Ndipo 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, akaandika kwamba hicho ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi yenyewe ya Misri ya kale yalikuwa hayasomeki. Champollion alikuja kuyafumbua 1822. Mtu alitunga, watu wakapenda, biashara ikaanza. Zile picha zinazojulikana zaidi leo zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith, zikatoka London 1909. Huo ndio "uchawi" wenyewe: kiwanda, mchoraji na duka. Anayetaka kuchoma moto, achome, lakini ajue anachoma karatasi na wino.

"Mbona basi husema kweli?" Swali hili naulizwa kila wiki, na ni swali zuri. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Akawaomba wayapime, sifuri mpaka tano, yanawafaa kiasi gani. Wastani ukazidi 4. Darasa zima likakubali kwamba limesomwa mpaka mifupani. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, na mengi aliyaokota kwenye kitabu cha nyota cha mitaani! Kwa nje unajitawala lakini ndani una wasiwasi. Una uwezo mkubwa ambao hujautumia. Nani atakataa? Karata husema kweli kwa sababu anayeuliza ndiye anayeijaza. Anakuja na hadithi yake, picha inampa pa kuishikia.

Hapo ndipo namgeukia mpinzani wa pili, huyu wa ofisi na tangazo. Huyu ndiye hatari. Kwa sababu mtu akija na hadithi yake tayari, akiwa na hasira, akiwa na msiba, mara nyingi hadithi hiyo ina jina la mtu ndani. Anachotaka ni muhuri tu.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja wa jirani. Tulisalimiana vizuri, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamkaribisha kigoda. Kijana wake alikwenda mbali kutafuta kazi, ana miezi minane hajapiga simu. Mama ana hakika kwamba wifi yake amemfunga kijana. Akaniambia, "Mwanangu, sitaki maneno mengi. Nitajie herufi ya kwanza tu ya jina lake. Herufi moja tu."

Nikamwambia, "Mama, karata hazina herufi. Niambie siku ya mwisho mlipoongea, mliongea nini?"

Akanyamaza. Akaangalia karata, akaniangalia mimi. "Wewe huna lolote," akasema, akafunga mtandio wake, akaondoka bila hata kusema ndaga. Akaenda kwa mwingine, na huyo mwingine herufi alikuwa nayo. Haikupita wiki mbili migomba ya wifi ikalazwa chini usiku, yote ya upande wa barabarani. Mgomba kwa Mnyakyusa ni chakula, ni ada, ni pesa ya shule. Na kijana hadi leo hajapiga simu.

Migomba inachipua tena. Watu hawachipui. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu kama 3,000 waliuawa nchini kwetu na majirani waliowadhania ni wachawi. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyokaangwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Polisi wetu wana neno lao kwa kazi hii, na ni neno zuri kuliko mengi ya wasomi: ramli chonganishi. Ramli inayochonganisha.

Msije mkadhani nasema haya ni ya kuletwa kutoka Pwani. Godfrey na Monica Wilson waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930 waliandika juu ya mwafi, dawa aliyonyweshwa mtuhumiwa wa uchawi: akitapika yu safi, asipotapika ndiye. Tumbo la mtu lilifanywa karata. Wala sisemi ramli yenyewe kama elimu ni ya kudharauliwa. Maumbo yake 16 ya nukta, shufwa na witiri, yametembea kuliko sisi sote: yako kwenye mchanga wa Waarabu, kwenye mbegu za sikidi ya Madagaska, na Ifa ya Wayoruba ina 16 mara 16, yaani 256, kila moja na hadithi zake za kukariri. Hiyo ni maktaba! Kinachoua si nukta. Kinachoua ni jina linalobandikwa juu ya nukta, na methali yetu wenyewe huitwa kuja kutoa ushahidi: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nakuja kwenu, waandishi. Mlidhani mmepona?

Nasoma hadithi zenu. Nazisoma hapa, nazisoma kwenye magazeti ya udaku, naziona kwenye filamu zetu. Kijana ana akili, kazi haipati. Mwanamke hazai. Mtoto anakonda. Basi wanakwenda kwa mganga, mganga anaangalia kwenye maji, na nani anatokea? Bibi kizee. Macho mekundu, mgongo umepinda, anakaa peke yake. Na katika hadithi zenu bibi huyo ni mchawi KWELI. Anakamatwa uchi alfajiri, anaungama, anakufa, kijana anapata kazi. Mwisho.

Mwenzangu, hiyo si hadithi. Hiyo ni ramli chonganishi iliyopigwa chapa. Mganga wa mtaani anataja jirani mmoja kwa mteja mmoja. Wewe unawataja bibi wote wa nchi kwa wasomaji wote wa nchi, tena kwa bei ya gazeti. Halafu ukiulizwa unasema, "Aa, mimi nimeandika tu hali halisi." Hali halisi gani? Hali halisi ni kwamba kazi hazipo.

Mtanijibu: basi tuache kuandika uchawi, tuandike maendeleo na uzazi wa majira? Sikusema hivyo. C. G. Mung'ong'o aliandika Mirathi ya Hatari 1977, kijana anarithi uchawi wa baba yake, na kitabu bado kinatisha, kwa sababu hofu imewekwa ndani ya mrithi, haikutupwa kwa kikongwe wa nyumba ya pili. Tofauti ndiyo hiyo. Uchawi uwe mzigo wa mhusika wako mkuu, uone kama mkono hautakutetemeka ukiandika.

Na hapa ndipo karata ilipo na faida yake, faida niliyoikuta niliporudi. Nikiwa mtoto nilitaka iniambie nitafaulu mtihani au la. Leo siitaki iniambie kitu, nataka iniulize. Karata 52 za kawaida, ukitoa tatu, una mafungu 22,100 tofauti, na kila fungu ni mwanzo wa kisa. Italo Calvino wa Italia alitunga kitabu kizima, kikatoka 1973, ambamo wasafiri wamepoteza sauti na wanasimulia maisha yao kwa kupanga karata za tarot mezani. Hakutabiri chochote. Alisimulia.

Mimi nina sheria tatu mezani kwangu. Sipokei hela. Sizungumzii asiyekuwepo. Na mtu akiuliza "nani kanifanyia", namrudishia swali: wewe ulikuwa unafanya nini? Wateja wangu ni wachache, ndiyo maana. Swali hilo halipendwi. Lakini mwandishi asiyejiuliza hilo kabla ya kumuumba mbaya wake, heri atafute nguzo ya umeme abandike tangazo, tutamwelewa.

Na wewe mhariri, usijifiche nyuma ya ukurasa. Hadithi nyingine itafika mezani kwako mwezi huu, nina hakika, na bibi wa macho mekundu atakuwemo. Usiitupe. Mrudishie mwenyewe pamoja na swali moja tu: bibi huyu anapikia kuni gani, na nani humtafutia?