Afungwe kwa Alichotenda, Siyo kwa Alikotoka

Makamanda wa Kibosho na kwingineko, leo tuongelee kizuizini.

Septemba 1939, vita na Hitler ilipoanza, Mwingereza aliyetawala Tanganyika alianza kuwakamata Wajerumani. Siyo walowezi tu. Hata wamisionari wa Kilutheri wa hapa hapa mlimani walichukuliwa, kazi ikabaki kwa wachungaji Wachagga wakisaidiwa na Waamerika. Tuseme ukweli: chama cha Hitler kilikuwa na matawi nchini, hofu haikuwa ya kuzua. Ila wengi walikamatwa kwa uraia wao tu.

Marekani walizidisha. Februari 1942 Rais Roosevelt alisaini amri iliyowatoa majumbani watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, theluthi mbili wakiwa raia. Mashamba na maduka yakaenda, wao wakaishi nyuma ya seng'enge.

Kulikuwa na njia nyingine? Ndiyo. Hawaii, kule kule kulikopigwa mabomu, wenye asili ya Japani walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi. Sheria ya kijeshi ilitangazwa, lakini washukiwa walichujwa mmoja mmoja, na waliofungwa hawakufika asilimia 2. Visiwa havikutekwa. Mwaka 1988 Marekani iliomba radhi na kuamua kuwalipa manusura dola 20,000 kila mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka, tukatunga sheria inayompa Rais nguvu ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Vita hatukuwa nayo! Tume ya Jaji Nyalali iliiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi. Sheria zilipochapwa upya 2002, bado ilikuwemo, Sura ya 361.

Sisi wa huku tunajua ilivyo kunyooshewa kidole kwa kabila, kwa ukanda, kwa rangi ya fulana. Ndiyo maana tunadai vitu vitatu tu: ushahidi, mahakama ya wazi, dhamana. Mwenye kosa ashtakiwe kwa jina lake na kwa tendo lake. Asiye na kosa alale kwake.

Na tujiapie wenyewe pia, vijana. Siku tukishika dola, hawa wanaotukamata leo watakuwa mikononi mwetu. Tutawapa mahakama, au tutawapa kizuizini? Anayeona swali hilo gumu bado hajaelewa tunapigania nini.