Memo Haina Kabuli

Juma lililopita, katika harusi moja hapa Kinakomba, tulipokuwa tumekaa mkekani tukingoja sinia la pilau, mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa kazi enzi zake alimkatiza kijana aliyekuwa akilalamikia kupunguziwa mshahara, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Mwanangu, memo ikishabandikwa ukutani ni sheria, usibishane nayo." Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa, nami pilau lilipoletwa likanishinda kumeza.

La ajabu ni kwamba neno hilo lilitamkwa muda mfupi tu baada ya sisi sote kumsikia walii akitoa ijabu ya kuoza, na bwana harusi, huku jasho likimtiririka chini ya kofia, akijibu kwa kabuli kwamba ameikubali ndoa. Na lau angalinyamaza, pasingalikuwa na ndoa, hata kama mbuzi amekwisha chinjwa na wageni wamekwisha nawa mikono. Mkataba wa kazi nao una ijabu na kabuli. Memo ni ijabu ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kujiitikia mwenyewe. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chasema kwamba yakibadilika mambo yaliyoandikwa katika mkataba, kama mshahara, saa za kazi au likizo, sharti mwajiri ashauriane na mwajiriwa, aurekebishe mkataba, na amwarifu kwa maandishi. Huku kwetu maandishi ndiyo yatanguliayo, na mashauri hayaji abadan.

"Lakini ina muhuri!" akadakia mwingine. Hata gunia la mbolea lina muhuri, ewe ndugu, wala halijapata kumwachisha mtu kazi. Nami na mihuri tuna uadui wa zamani: katika nchi hii mtu hathibiti kwamba yu hai mpaka agongewe, na mwenye kugonga aghalabu amekwenda kunywa chai.

Memo ikisema funguo za bohari ziachwe kwa bawabu, na ziachwe. Walakini ikigusa yale tuliyoafikiana, au yale ambayo sheria imeyaweka kuwa kiwango cha chini, kama siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili kila mwaka, ambazo hata mwajiriwa mwenyewe hawezi kuziuza kwa saini yake, basi karatasi hiyo ni batili tangu wino haujakauka.

Sisi wa mto huu wa Tana hatukuhitaji kufundishwa hayo. Hapo Hola, jirani zetu, enzi za ukoloni, ulikuwapo waraka wa kiofisi ulioitwa Mpango wa Cowan, wa kuwashurutisha watu waliozuiliwa kambini wafanye kazi. Ukatekelezwa tarehe 3 Machi 1959, watu 11 wakafa kwa kipigo, kisha ikatoka karatasi ya pili kudai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Karatasi zote mbili zilikuwa rasmi.

Nami nimewahi kuwa karani wa bohari huko Garsen. Mwaka mmoja, maji ya Tana yaliporudi mtoni na udongo ukabaki mweusi, laini, unaomngoja mwenye mbegu, nilikuwa nimekwisha kubaliwa likizo nikamsaidie mama kupanda. Asubuhi nikakuta memo imebandikwa mlangoni kwa uji wa ugali, muhuri umegongwa juu chini, ikisema likizo zote zimesimamishwa "hadi tangazo jingine". Mto haukuisoma memo hiyo. Udongo ulikauka kwa wakati wake, shamba la mama likaota magugu, na tangazo jingine halikutoka mpaka nilipoacha kazi. Nilitii, kwa kuwa nami niliamini kama yule mzee wa mkekani.

Sheria hiyohiyo ya Ajira humpa mwajiriwa miaka 3 ya kufungua daawa. Mimi nilikwenda kuuliza katika mwaka wa nne.