Kuzima Kadi ya Grafiki ni Kipimo, Siyo Dawa

MTU NA MTAMBO
Na Rehema Mbwambo

Ingia studio yoyote ya picha hapa mjini, uliza mtu afanye nini programu yake ya kuhariri picha ikianza kuganda au kujifunga yenyewe. Jibu ni moja: "Zima GPU." Fungua mipangilio, ondoa tiki inayoiruhusu programu kutumia kadi ya grafiki, funga, fungua tena, endelea na kazi. Ushauri huu umeenea kwa sababu mara nyingi unaleta nafuu. Shida ni kwamba wengi wanaoutoa wanaishia hapo. Mpiga picha anarudi kwenye meza yake akiwa ameiacha bila kazi sehemu yenye nguvu kubwa kuliko zote ndani ya kompyuta aliyoinunua kwa jasho, na bado hajui kilichoharibika ni nini.

Msimamo wangu wiki hii ni huu: kuzima kadi ni kipimo. Kinakuonyesha ugonjwa uko upande gani. Siyo dawa, na fundi anayempa mteja kipimo akakiita dawa hajaimaliza kazi aliyolipwa.

Tuanze na thamani ya kadi yenyewe. Picha moja ya kamera ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24. Ukiongeza mwanga kidogo tu, kila nukta inapigiwa hesabu upya. Prosesa ina viini vichache vyenye nguvu. Kadi ya grafiki ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyopiga hesabu ileile kwa pamoja, na kazi ya picha ni ya namna hiyo hasa. Ndiyo maana Photoshop ilianza kuitumia kadi katika toleo la CS4 mwaka 2008, kwa kukuza picha na kuzungusha turubai bila kukwama. CS6 ya mwaka 2012 ikaipa kadi kazi nzito zaidi, kama kukunja na kuvuta maumbo kwa Liquify. Lightroom ikafuata mwaka 2015, ikaipanulia kadi majukumu mwaka 2019, na Aprili 2023 ikaleta Denoise, zana ya kuondoa chengachenga kwa akili unde.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayomgusa mpiga picha wa harusi. Ukumbi una taa hafifu, ISO imepandishwa, picha zimejaa chengachenga. Kadi nzuri inaisafisha picha moja kwa sekunde kadhaa. Kadi ikizimwa, au ikiwa dhaifu mno, picha hiyohiyo inakula dakika kwa dakika. Zidisha kwa mamia ya picha za sendofu moja, na maharusi wanapiga simu kila siku kuulizia albamu. Anayekwambia "zima tu, haina neno" hajapiga hesabu hiyo.

Kwa nini basi programu na kadi zinagombana? Kwa sababu kati yao kuna wa tatu, draiva. Programu haizungumzi na kadi moja kwa moja. Inatoa maagizo kwa lugha kama OpenGL, OpenCL, DirectX au Metal, na draiva inayatafsiri mpaka kadi iyaelewe. Draiva ikiwa ya zamani, ikiwa na kasoro, au ikiwa siyo ya kadi hiyo, mambo yanaharibika ingawa kadi ni nzima na programu ni nzima. Na lugha zenyewe hubadilishwa: mwaka 2018 Apple ilitangaza kwamba OpenGL na OpenCL zimewekwa kando kwenye kompyuta zake, ikawataka watengenezaji wahamie Metal. Kwa hiyo toleo la programu, toleo la draiva na toleo la mfumo endeshi ni lazima yaendane. Ukisasisha kimoja peke yake, unaweza kuzua ugomvi ambao jana haukuwapo.

Kuna jambo jingine linalowatia watu hofu bure. Kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi, kinarudi, kisha ujumbe unasema draiva ya skrini iliacha kujibu. Wengi huambiwa kadi imekufa. Ukweli ni kwamba tangu Windows Vista, mfumo umeipa kadi muda wa sekunde 2 kwa kawaida. Isipojibu ndani ya muda huo, Windows inaiwasha upya. Kichujio kizito juu ya picha kubwa, kwenye kadi dhaifu au iliyopata joto, kinaweza kuupita muda huo. Tukio hilo linastahili kuchunguzwa kabla ya kadi kutangazwa imekufa na kung'olewa.

Ushahidi kwamba shida si lazima iwe kwa mtumiaji tunao tangu mwaka 2015. Lightroom 6 ilipotoka na uwezo wa kutumia kadi, wapiga picha wengi duniani walilalamika kwamba imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Sababu moja ilikuwa ya kihesabu: kupeleka data kwenye kadi na kuirudisha kunagharimu muda, na faida ilionekana zaidi kwa wenye skrini kubwa. Skrini ya Full HD ina nukta karibu milioni 2, ya 4K ina zaidi ya milioni 8, mara nne. Mwenye skrini ndogo alilipa gharama ileile kwa faida kidogo. Kwa mtu huyo, kuzima kadi wakati ule ulikuwa uamuzi sahihi. Tatizo ni kwamba ushauri wa mwaka 2015 bado unatolewa leo kama amri, wakati programu zenyewe zimebadilika kabisa.

Sasa tuje kwetu. Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam wanafanya kazi kwa laptopu zilizotumika, zilizonunuliwa Kariakoo au kuagizwa kupitia Dubai. Sina ubaya nazo. Zimewapa vijana wengi ajira. Lakini laptopu ya mwaka 2012 yenye Intel HD Graphics 4000 haina uwezo wa DirectX 12, na Photoshop za miaka hii zinautaka uwezo huo. Hakuna draiva itakayouongeza, wala kupiga Windows upya hakutasaidia. Muuzaji mwaminifu anapaswa kumwambia mteja hivyo kabla ya kupokea pesa, maana mteja amesema wazi kwamba anataka mashine ya kuhariri picha. "Ina RAM ya kutosha" siyo jibu la swali aliloulizwa.

Kupiga Windows upya kuna hatari yake pia. Ndiyo tiba ya kwanza kwa mafundi wengi, na mara nyingine ndiyo chanzo cha tatizo. Mashine inarudi safi, inawaka haraka, mteja anafurahi. Lakini ukifungua Device Manager sehemu ya Display adapters, unakuta jina Microsoft Basic Display Adapter. Maana yake draiva ya kadi haikuwekwa kabisa. Windows inaonyesha picha kwenye kioo kwa draiva yake ya dharura, na programu ya kuhariri haiwezi kuitumia kadi hata kidogo. Mteja amelipa ili aondolewe kadi yake.

Fundi anayeheshimu kazi yake anafuata utaratibu, na mtumiaji anaweza kuufuata mwenyewe. Kwanza, ijue kadi uliyonayo. Katika Photoshop, System Info kwenye menyu ya Help inaonyesha kadi ambayo programu inaiona, na matoleo ya karibuni yana ukurasa wa kukagua kama kadi inafaa. Pili, ndipo uzime kadi kwa ajili ya kupima. Tatizo likiendelea vilevile, iache kadi, kachunguze RAM, diski au faili lenyewe. Likiisha, sasa unajua uchunguze draiva na kadi. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Tatu, draiva. Ichukue kwa mtengenezaji wa kadi au wa laptopu, usitegemee ile iliyoletwa na Windows Update peke yake. Wenye kadi za Nvidia wajue kwamba tangu mwaka 2019 kuna draiva za aina mbili: Game Ready kwa wacheza michezo na Studio kwa wenye kazi kama hizi. Chagua Studio. Lakini kama tatizo lilianza mara tu baada ya kusasisha, fanya kinyume: rudi kwenye draiva ya awali. Mabaki ya draiva za zamani yakiwa mengi, programu ya Display Driver Uninstaller inayafuta yote ili uanze upya.

Nne, kwa laptopu zenye kadi mbili, hakikisha programu inatumia ile yenye nguvu. Tangu mwaka 2018, Windows 10 inakuruhusu kuipangia kila programu kadi yake katika mipangilio ya skrini. Chomeka chaja pia, kwa sababu laptopu nyingi huibana kadi zikitumia betri. Kwa kompyuta za mezani, angalia nyuma ya boksi: waya wa skrini ukichomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, kadi uliyoinunua kwa bei kubwa inaweza kukaa bure.

Tano, joto. Vumbi letu na joto letu ni maadui wa feni. Programu inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuanza kujifunga baada ya saa moja ya kazi nzito inakuomba umwite fundi mwenye brashi na pesti mpya ya kupozea kabla ya kufikiria kununua chochote. Na katika yote haya, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na tatizo likirudi utaanza upya.

Lipo suala la programu zilizokrakiwa, na nitalisema waziwazi kwa sababu wenzetu wanaumia nalo. Makosa mengi ya kadi hurekebishwa kwa masasisho ya programu. Aliyeweka programu iliyovunjwa leseni amefungiwa masasisho, kwa hiyo kasoro iliyorekebishwa zamani kwake haiishi. Kwa asiyemudu leseni, programu ya kuhariri picha ya darktable inapatikana bure na kihalali. Inatumia kadi kupitia OpenCL, na ikishindwa kuitumia inarudisha kazi kwa prosesa bila kukupotezea picha.

Watengenezaji wakubwa nao wana deni. Ujumbe unaosema tu kwamba kuna tatizo la draiva na kadi imezimwa kwa muda haumsaidii mtu wa Mbagala mwenye kazi ya kukabidhi kesho. Programu inaijua kadi, inalijua toleo la draiva, na inajua ni hatua gani iliyokwama. Iseme. Wanatoza ada kila mwezi. Maelezo yaliyo wazi ni sehemu ya huduma wanayoitoza.

Kwa mafundi na wauzaji, ombi langu ni uaminifu wa kupima kwanza. Mteja wa picha analeta kwenu mashine inayolisha familia. Kumuuzia RAM asiyoihitaji, kumpigia Windows bila draiva, au kumwambia kadi imekufa bila kuipima, ni kumla mtu mkate wake.

Na wewe mpiga picha, kabla ya kutoa pesa, muulize fundi maswali matatu: kadi yangu ni ipi, draiva yake ni toleo gani, na umejuaje kwamba tatizo liko hapo? Asiyeweza kuyajibu usimwachie mashine yako.