Katoka Chuo cha Mafunzo, cheti chake kiko wapi?



Juzi nimekaa barazani Mkunazini na kijana mmoja niliyekua naye. Zamani alikuwa teja. Akafungwa kwa kete za unga, akatoka, akaingia soba hausi, na sasa ana miaka saba hajagusa kitu. Amepata kazi Muscat. Imebaki karatasi moja tu, cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya jinai. Akaniuliza, "Kaka, rekodi hii inafutwa vipi?" Nikakosa jibu, ikabidi nikaulizie.

Tuanze na jina. Bara wanasema gereza. Huku kwetu panaitwa Chuo cha Mafunzo, na mfungwa anaitwa mwanafunzi. Jina zuri, maana yake mtu anaingia kurekebishwa. Sasa jamani, mbona mwanafunzi huyu akimaliza anaondoka na doa badala ya cheti?

Waingereza tangu 1974 wana sheria inayosema, kwa makosa mengi, mtu akikaa miaka kadhaa bila kosa jengine, hukumu ile ihesabiwe imekwisha. Huku kwetu njia zinazojulikana ni rufaa na msamaha wa Rais chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, ule tunaousikia kila Januari 12. Lakini msamaha ule aghalabu huwatoa walio ndani. Aliyemaliza kifungo zamani, nani anamkumbuka?

Na kuna fundo jengine. Mahakama na Chuo cha Mafunzo ni vya SMZ. Polisi ni wa Muungano, na alama za vidole ziko kwao. Hata Baraza la Wawakilishi likitunga sheria kesho, bila pande mbili kukaa pamoja, jina linaweza kufutwa upande mmoja likabaki upande wa pili.

Je, tukae tu? Hapana. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992. Kabla hujaenda, jua umebeba nini: kukamatwa si kushitakiwa, na kushitakiwa si kutiwa hatiani. Wengi walizolewa maskani, wakalala ndani, wakaachiwa. Hao hawana hukumu yoyote, ila wanaogopa bure. Kesi ikiwa ilifutwa, kaombe nakala ya uamuzi mahakamani. Ukiwa ulihukumiwa, tafuta nakala ya hukumu mwanasheria aisome; pengine ipo sababu ya kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Na usinunue cheti cha kughushi, utajipa kesi mpya.

Najua wapo watakaosema, "Mwizi akifutiwa, mwajiri atajuaje?" Swali la haki. Ndiyo maana sheria iweke miaka ya kungoja na iyatenge makosa mazito. Lakini kijana wa kete mbili kubeba mzigo ule ule maisha yake yote? Tunamwambia aache unga, akiacha tunamfungia mlango. Akirudi maskani tunashangaa nini?

Nyie mnaonaje? Kuna aliyewahi kufanikiwa? Tuambieni mlipitia wapi, yule kijana anasubiri.

Nawasilisha.